Mitaa Iliyoletwa na Kazi: Msafiri Katika Miji ya India

Msikilizaji wa Afrika Mashariki aisikiapo India hudhani kwamba anaijua, na dhana hiyo ina msingi wake, kwa kuwa chapati, sambusa, biriani na badia zimo jikoni mwake, filamu za Bombay zilijaza kumbi za sinema za Unguja, Tanga na Mombasa kwa miongo mingi, na duka la Mhindi limo katika kumbukumbu za karibu kila mji wa pwani na wa bara. Hata hivyo, Mhindi huyo anayejulikana Kariakoo au River Road asili yake, kwa sehemu kubwa, ni pembe chache tu za magharibi na kaskazini mwa nchi hiyo, yaani Gujarat pamoja na Kachchh, Punjab na Goa, ilhali nchi yenyewe ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 3.3, majimbo 28 na maeneo mengine 8 yanayosimamiwa na serikali kuu, na watu ambao sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu kuwa zaidi ya bilioni 1.2. Kwa maneno mengine, kinachojulikana huku ni kibaraza tu cha nyumba kubwa.

Wapo wasafiri wa aina mbili ambao mazungumzo haya yanawahusu zaidi. Wa kwanza ni wagonjwa na wanaowasindikiza, wanaoteremka Chennai, Hyderabad, Ahmedabad, Mumbai au New Delhi, wakakaa majuma kadhaa kati ya hospitali, nyumba ya kulala wageni na duka la dawa, kisha wakarejea nyumbani bila kuujua hata mtaa wa pili kutoka pale walipokuwa. Wa pili ni watalii wanaopitishwa katika pembetatu ya Delhi, Agra na Jaipur, ambao huonyeshwa makaburi ya wafalme na ngome, na kuambiwa kwamba India ni nchi ya rangi nyingi, dini nyingi na sherehe nyingi. Maelezo hayo hayana uongo ndani yake, ila hayamwelezi mtu chochote, maana hayasemi ni kwa nini watu wa namna mbalimbali wakajikuta wamekaa mlango kwa mlango katika mji mmoja. Mwenye kutaka kuielewa miji ya India hana budi kuuliza katika kila mtaa swali ambalo waongozaji wa watalii hawaliulizi sana, nalo ni hili: watu hawa waliletwa hapa na kazi gani?

Kabla ya kuingia mijini, inafaa kueleza jambo la lugha, kwa sababu ndilo linalomshangaza kwanza mtu aliyezoea kutoka Dar es Salaam hadi Bukavu kwa Kiswahili kimoja. Katiba ya India inazitambua rasmi lugha 22, na noti ya rupia huandikwa thamani yake kwa lugha 17, kadhaa zikiwa na hati zake zenyewe, yaani maumbo ya herufi yasiyofanana na ya jirani. Majimbo yenyewe yamekatwa kwa kufuata lugha. Mpango huo haukuwa wa tangu uhuru, bali ulilazimishwa na wananchi, hasa baada ya Potti Sriramulu kufariki mwezi Desemba 1952 akiwa katika mfungo wa kudai jimbo la wasemaji wa Kitelugu, jambo lililozaa jimbo la Andhra mwaka uliofuata na sheria ya kupanga upya majimbo ya mwaka 1956. Jimbo la Bombay nalo liligawanywa tarehe 1 Mei 1960, likawa Gujarat na Maharashtra. Matokeo yake kwa msafiri ni kwamba Kihindi alichokiokota kwenye filamu kitamfaa Delhi na kwa kiasi fulani Mumbai, lakini huko Chennai kitamletea uso wa baridi, na mara nyingi ni Kiingereza kitakachomvusha.

Ahmedabad ni mji unaofaa kuanzia, kwa kuwa una mengi yanayomkaribia mtu wa pwani. Uliasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na mwaka 2017 mji wake wa kale ukawa wa kwanza nchini India kuingizwa mzima katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kiini cha mji huo ni kinachoitwa pol, yaani kundi la nyumba zilizobanana kando ya uchochoro wenye lango moja, ambamo zamani walikaa watu wa ufundi mmoja, dini moja au jati moja, jati likiwa ni kundi la kuzaliwa ambalo aghalabu huamua mtu aoane na nani na, hapo kale, afanye kazi gani. Ndani ya pol huonekana nguzo na vizingiti vya mbao vilivyochongwa, matangi ya maji ya mvua yaliyochimbwa chini ya ua wa nyumba, na mnara mdogo wa kulishia ndege katikati ya uwanja. Mwenyeji wa Mji Mkongwe wa Unguja hatakuwa mgeni hapo, maana milango ya Kigujarati ya mitaa ya kwao, ile yenye vipande vya mbao vinavyokunjika ili duka lifunguke, ilitokana na desturi hiyo hiyo ya ujenzi.

Si mbali na mitaa hiyo, katikati ya msongamano wa bajaji na pikipiki, umesimama Msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573 na Mhabeshi aliyekuwa katika utumishi wa wakuu wa kijeshi wa Gujarat. Msikiti ni mdogo, na watu huufuata kwa ajili ya madirisha yake ya mawe: fundi amelitoboa jiwe mpaka likawa mti wenye matawi yaliyosokotana, membamba kiasi kwamba anayetazama kutoka ndani, jua likiwa upande wa pili, huona matawi tu na kulisahau jiwe. Waafrika wa namna hiyo, walioletwa kama watumwa au askari na wengine wao wakapanda hadi kuwa maamiri, waliacha alama katika sehemu nyingi za nchi. Mashuhuri kuliko wote ni Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi, akauzwa utumwani, akafika kuwa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar hadi kifo chake mwaka 1626, na mji alioujenga huko kwenye uwanda wa Dekkani ndio uliokuja kuitwa Aurangabad. Wazao wa Waafrika, wanaoitwa Wasidi, wangali wapo Gujarat na Karnataka.

Lakini lango la pol lina maana mbili, na msafiri hapaswi kuiona moja tu. Lango lile lile linalowakusanya majirani huwazuia wengine, na Ahmedabad ni mji ambamo ghasia za mwaka 2002, zilizoua zaidi ya watu 1,000 katika jimbo la Gujarat, wengi wao Waislamu, ziliwasogeza watu wa dini mbalimbali mbali zaidi, hata sehemu ya Juhapura ikawa makazi makubwa ya Waislamu peke yao. Anayeandika juu ya miji ya India kana kwamba ni karamu isiyo na mwisho anawaficha wasomaji wake nusu ya habari.

Mumbai, iliyokuwa Bombay hadi mwaka 1995, ni kisa kingine kabisa, kwa kuwa mji huo hauna mzizi wa ufalme wowote mkubwa. Vilikuwa visiwa saba vya wavuvi ambavyo Wareno walimpa mfalme wa Uingereza kama sehemu ya mahari ya mwaka 1661, naye akavikodisha kwa Kampuni ya India ya Mashariki mwaka 1668, na kampuni hiyo, ikihitaji watu, ikawaita watu kutoka kila upande. Waparsi, ambao ni wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, walikuja kujenga meli, na ukoo wa Wadia ukaletwa kutoka Surat mwaka 1736 kwa kazi hiyo. Wagujarati walikuja kwa biashara ya pamba, na watu wa pwani ya Konkan na wa nyanda za ndani wakaja viwandani na kwenye gati. Reli ya kwanza ya abiria nchini ilianzia hapo mwaka 1853 kwenda Thane, mwendo wa kilomita 34, na tangu wakati huo mji umeshindwa kuishi bila treni.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ambayo, kwa maoni ya mazungumzo haya, inaeleza tamaduni za India vizuri kuliko hekalu lolote. Karani wa Bombay wa mwaka 1890 alifanya kazi mbali na nyumbani kwake, na asingeweza kula chochote kilichopikwa na yeyote: Mjaini hakula hata kitunguu, Mwislamu alitaka nyama ya halali, Mhindu wa tabaka la juu aliogopa jiko la mtu asiyemjua, na Mparsi alikuwa na mchuzi wake. Kwa hiyo chakula kilibidi kitoke nyumbani kwa kila mmoja, kikiwa cha moto, kabla ya saa saba mchana. Wanaokibeba huitwa dabbawala, dabba likiwa ni kopo la bati lenye vyombo vitatu au vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na wengi wao hutoka katika vijiji vya milimani karibu na Pune. Asubuhi mmoja wao hupita nyumba kwa nyumba akiwa na kofia nyeupe na baiskeli, akakusanya makopo na kuyapeleka stesheni; hapo makopo hutandazwa chini na kugawanywa upya kwa kufuata alama zilizopakwa kwenye kifuniko, ambazo ni rangi, herufi na tarakimu zinazoonyesha stesheni litakakotoka kopo, stesheni litakakoshukia, jengo na ghorofa. Kisha hupangwa katika sinia refu la mbao linalobebwa kichwani na kuingizwa katika behewa la mizigo, na kopo moja huweza kupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika mezani. Alasiri makopo matupu hurudi kwa njia ile ile. Janga la UVIKO-19 la mwaka 2020 lilipofunga ofisi, wengi wao walirudi vijijini, na si wote waliorejea, lakini msafiri atakayesimama nje ya stesheni ya Churchgate karibu na saa sita mchana wa siku ya kazi bado atawaona.

Kutoka Mumbai kwenda kusini, inafaa msafiri asipande ndege. Reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, inapita zaidi ya kilomita 700 kati ya milima na bahari, kwa mahandaki na madaraja mengi, na ndani ya behewa la vitanda vya ngazi tatu kitanda cha kati hukunjwa mchana ili abiria wakae pamoja, jambo linalolazimisha maongezi. Vibao vya stesheni huandikwa kwa lugha ya jimbo, kwa Kihindi na kwa Kiingereza, na maumbo ya hati yanapobadilika dirishani, abiria hujua kwamba jimbo limebadilika hata kama mashamba ni yale yale.

Kochi, katika jimbo la Kerala, ilifanywa na pilipili manga. Zao hilo lilimleta Mwarabu, Mchina, Myahudi na hatimaye Mreno, na hapo msikilizaji wa Malindi ana sababu yake ya kutulia, maana ilikuwa ni kutoka Malindi, mwaka 1498, ambako Vasco da Gama alipewa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut, ambayo leo ni Kozhikode. Nguzo yake ingali Malindi ufukweni. Kaburi lake la kwanza lipo Kochi, ndani ya Kanisa la Mtakatifu Fransisko, kwa kuwa alifia mjini humo mwezi Desemba 1524 na mifupa yake ikahamishiwa Ureno mwaka 1539. Jiwe lililobaki ni la kawaida mno, limezungushiwa uzio, na watu hulipita haraka. Karibu na hapo ufukweni zipo nyavu zinazoitwa za Kichina, ambazo ni wavu mpana uliofungwa kwenye miti mirefu iliyopinda, unaoshushwa majini na kuinuliwa na wanaume wachache wakisaidiwa na mawe yaliyoning'inizwa kwa kamba kama mizani. Katika sehemu ya Mattancherry lipo Sinagogi la Paradesi la mwaka 1568, lenye vigae vya buluu na vyeupe vilivyotoka China, ambalo waumini wake karibu wote walihamia Israeli baada ya mwaka 1948. Maghala ya viungo yaliyouzunguka mtaa wao yamekuwa maduka ya vinyago vya watalii, ingawa harufu ya tangawizi kavu na iliki haijaondoka. Madobi wa Kitamil nao, walioletwa kufua sare za askari wa kikoloni, bado wana uwanja wao wa kufulia na kuanika, na nguo nyingi hubanwa kwenye kamba zilizosokotwa bila kibanio chochote.

Hyderabad ilikuwa dola ya bara, na watawala wa bara walihitaji askari. Mji uliasisiwa mwaka 1591 na Muhammad Quli Qutb Shah, mwaka ule ule lilipojengwa lango la minara minne liitwalo Charminar, na kuanzia karne ya kumi na nane ukawa chini ya watawala wenye cheo cha Nizam mpaka jeshi la India lilipoichukua dola yao mwezi Septemba 1948. Manizam walikuwa na kikosi cha Waafrika wapanda farasi, na mtaa walioishi ungali unaitwa A.C. Guards, wakikaa humo baadhi ya wazao wao. Walikuwa pia na askari Waarabu kutoka Hadhramaut, bonde lile lile lililowatoa Wahadhrami wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Umar bin Awadh al-Quaiti alikuwa jemadari wa Nizam, na mali iliyochumwa Hyderabad ndiyo iliyouwezesha ukoo wake kutawala Mukalla na Shihr. Kwa hiyo mtu wa pwani ambaye babu yake alitoka Shihr ana nusu ya historia yake katika mji ambao pengine hajawahi kuufikiria.

Wazao wa askari hao wanakaa Barkas, kusini mwa Charminar, mahali palipokuwa kambi yao. Wanaume wa makamo huonekana wamevaa msuli barabarani, majina ya ukoo ni yale yanayojulikana Mombasa, na chakula kinachohusishwa nao ni haleem, ambayo ni ngano na nyama zilizopikwa kwa saa nyingi katika chungu kilichozamishwa ndani ya tanuri la matofali na kupondwa kwa miti mirefu hadi zisitambulikane, kisha zikamiminiwa samli. Mzanzibari ataitazama na kusema kwamba hiyo ni boko boko iliyotiwa dengu na viungo zaidi, na hatakuwa amekosea, kwa kuwa vyote viwili vimetokana na harisi ya Kiarabu. Haleem ya Hyderabad ilipewa ulinzi wa kisheria mwaka 2010, ili jina lake lisitumiwe na asiyekipika kwa kanuni za mji huo. Wakati wa kukila ni Ramadhani, ambapo matanuri huwaka tangu asubuhi na foleni ya futari huwa ya Waislamu na Wahindu pamoja.

Kolkata ndiyo iliyo ngumu kueleweka na ndiyo inayolipa zaidi. Ilikuwa mji mkuu wa India ya Waingereza hadi uamuzi wa mwaka 1911 wa kuhamishia makao Delhi, na tangu hapo imekuwa na fahari ya aliyestaafishwa mapema. Mtaa wa Kumartuli ni wa wafinyanzi, ambao huanza kwa kufunga nyasi za mpunga kwenye fremu ya mianzi, wakazipaka udongo wa mtoni tabaka kwa tabaka, wakapata sanamu ya mungu wa kike Durga kwa ajili ya sherehe ya vuli iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2021. Sherehe ikiisha, sanamu hutoswa mtoni zikayeyuka, na kazi huanza upya mwaka unaofuata. Wachina walianza kufika mwishoni mwa karne ya kumi na nane, wakagawana kazi kwa kufuata walikotoka: wa Guangdong wakawa maseremala, wa Hubei wakawa matabibu wa meno, na Wahakka wakawa mafundi viatu na watengenezaji ngozi huko Tangra, kazi ambayo Wahindu wengi waliiona kuwa najisi. Kwa hiyo ubaguzi wa matabaka ndio uliowafungulia Wahakka riziki. Vita vya mpakani kati ya India na China vilipozuka mwaka 1962, maelfu ya watu wa asili ya Kichina walikamatwa na kupelekwa katika kambi ya Deoli, Rajasthan, na wengi walioachiwa walihamia Kanada na kwingineko. Viwanda vya ngozi vikahamishwa kwa amri ya mahakama iliyotolewa katika miaka ya 1990, na waliobaki Tangra wakageuka kuwa wenye mikahawa. Katika mtaa huo lipo hekalu dogo la mungu wa Kihindu Kali, linalotunzwa na Wachina, ambamo tambi hutolewa sadaka.

Delhi haihitaji maneno mengi, kwa sababu inatangazwa vya kutosha; itoshe kusema kwamba katika barabara moja ya Chandni Chowk msafiri hupita hekalu la Wajaini lenye hospitali ya ndege, hekalu la Wahindu, kanisa, nyumba ya ibada ya Singasinga na msikiti, na kwamba wakimbizi Wapunjabi wa mgawanyo wa India na Pakistani wa mwaka 1947 waliubadilisha mji huo kuliko serikali yoyote iliyofuata.

Anayekusudia kwenda achague kipindi cha Novemba hadi Februari, kabla ya joto na mbali na masika yao yanayoifikia Kerala mwanzoni mwa Juni. Abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hasa akitoka Kenya, Uganda au Kongo. Na akate tiketi za treni za masafa marefu mapema, maana huanza kuuzwa siku 60 kabla ya safari na za njia kuu huisha upesi. Anayemsindikiza mgonjwa Hyderabad aombe nafasi ya alasiri moja aende Barkas, na aliye Ahmedabad aingie walau pol moja kwa miguu. Mwenye majuma mawili azipe Kochi na Kolkata siku nyingi kuliko Delhi. Agra na Taj Mahal yake zinaweza kungoja safari ya pili.